Habari Iliyofika Upande Mmoja wa Ziwa

Ndugu msikilizaji, neno "simu" limetoka mbali. Asili yake ni Kiajemi, na huko kwao maana yake ni waya. Watu wa pwani yetu walipoona waya umetundikwa kwenye nguzo, na habari zinapita humo bila mtu kuzibeba, hawakusumbuka kutafuta jina kubwa. Waliita kile walichokiona. Leo mtu wa Kyela anatembea na simu mfukoni isiyo na waya wowote ila ule wa kuchajia, na bado anaiita waya. Sisemi tuibadilishie jina. Nasema tu kwamba ndani ya jina hilo imo historia, na kipande kimoja cha historia hiyo kiko huku kwetu kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako waya ulipita ng'ambo moja ya maji na haukupita ng'ambo ya pili.

Hebu tuanze na waya wenyewe. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu mahali panapoitwa Isandlwana. London ilipata habari hiyo tarehe 11 Februari, yaani siku 20 baadaye. Nadhani wakubwa wa huko walisononeka kwa kushindwa, lakini kilichowauma zaidi ni kwamba kwa siku 20 walikuwa wakila na kulala kama watu walioshinda. Kabla mwaka huo haujaisha, waya wa chini ya bahari ulikuwa umetandazwa kati ya Aden, Zanzibar na Durban. Fedha zilipatikana upesi. Aibu ni mwombaji hodari kuliko wote.

Kisha akaja Cecil Rhodes na ndoto yake ya waya kutoka Cape Town hadi Cairo. Kampuni yake, African Transcontinental Telegraph, ilisimamisha nguzo kutoka kusini, ikaingia Nyasaland, ikafuata upande wa magharibi wa ziwa hadi Karonga. Mbele kulikuwa na koloni la Wajerumani. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin, akaonana na Kaisari Wilhelm II, akapewa ruhusa ya kupitisha waya wake katika ardhi ya Wajerumani. Alifariki mwaka 1902, na waya haukufika Cairo. Uliishia Ujiji. Lakini kwa upande wa Karonga kazi ilikuwa imekwisha. Mwingereza aliyekaa pale aliweza kuongea na Zomba, na Zomba iliweza kuongea na dunia. Kutoka Karonga mpaka kingo za mto Songwe, uliko mpaka wetu na Malawi, ni mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Huko ng'ambo ya Songwe, katika tambarare za Kyela na milima ya Rungwe, Mjerumani alikaa akitegemea tarishi na mwanga wa jua.

Vita Kuu ya Kwanza ilizikuta nchi hizo mbili zikiwa na meli moja moja yenye silaha katika ziwa hili. Waingereza walikuwa na Guendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire mwanzoni mwa miaka ya 1890. Pale maporomoko yalipozuia njia, vipande hivyo vilibebwa kwa mabega ya watu, kisha meli ikaungwa huku huku ndani. Nahodha wa meli ya kwanza alikuwa Rhoades, na wa meli ya pili alikuwa Berndt. Watu hawa walikuwa marafiki. Walipokutana walikunywa pamoja, na mimi siwashangai. Ziwa lina urefu unaokaribia kilomita 580, na humo wote walikuwa wawili tu waliojua taabu ya kazi hiyo.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Habari ikakimbia katika waya mpaka Nyasaland, na Rhoades akapewa amri ya kuitafuta meli ya rafiki yake na kuitoa vitani. Berndt hakuwa na habari. Meli yake ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, mahali ambapo leo tunapaita Liuli, katika mwambao wa mashariki. Wajerumani walipaita hivyo kwa sababu ya jabali la pale linalofanana na lile sanamu maarufu la Misri. Tarehe 13 Agosti, Guendolen ikatokea na kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt aliingia katika mashua ndogo akapiga makasia kwa hasira kumfuata mwenzake, akitaka kujua kama amelewa. Alipofika ndipo alipoelezwa kuwa nchi zao zimekuwa vitani kwa siku 9, na kwamba yeye sasa ni mateka. Magazeti ya Uingereza yaliupamba mkasa huo kuwa ni ushindi wa majini. Meli ya Wajerumani ilivuliwa vitu vyake vya muhimu ikaachwa pale pale, na Mei 1915 Waingereza walirudi tena kuhakikisha kwamba haitaelea.

Kisa hiki kila mara husimuliwa kwa kicheko, na mimi pia nacheka, lakini kidogo tu. Kilichomshinda Berndt si mzinga. Mzinga na yeye alikuwa nao. Alishindwa na nguzo za mbao zilizosimama ng'ambo ya maji, ambazo labda siku zisizo na ukungu angeweza kuusogelea mwambao wake akaziona.

Huku Tukuyu, ambako boma la Wajerumani lilijulikana kwa jina la Neu Langenburg, mambo yalikuwa ni yale yale. Wajerumani walikuwa na vioo vya jua, yaani vyombo vya kumulika mwanga kwa alama kutoka kilima hadi kilima. Ni chombo kizuri, lakini kinataka jua, na kila aliyewahi kulala Tukuyu anaujua ukungu wake. Katikati ya mwezi Agosti mkuu wa boma hilo alimwandikia barua Mwingereza wa Karonga kutaka kujua kama kweli nchi zao zina vita au hazina. Tafakari jambo hilo, msikilizaji. Adui anamwandikia adui kumwuliza: samahani bwana, je, sisi ni maadui?

Barua ile ilibidi ivuke Songwe mikononi mwa mtu. Nashawishika kuamini kwamba aliyeibeba alilijua jibu kabla ya kulifikisha swali. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande wa Karonga lugha yao ni moja, wanaoana, wanazikana. Mtu akifa Ngana au Kasumulu, ng'ambo wanajua kabla chungu cha kwanza cha msiba hakijatoka jikoni. Itakuwaje askari wakusanyike Karonga na mizigo ihamishwe, halafu mama aliyekwenda ng'ambo kumwona binti yake arudi asiseme? Lakini hakuna mkubwa wa boma aliyemwuliza mama huyo. Habari ilikuwepo njiani, ikipita miguu peku, na yeye anaketi kuandika barua.

Wenye waya nao hawakuwa na akili kuliko wenzao. Mwanzoni mwa Septemba 1914 Wajerumani walivuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Wakati huo huo sehemu kubwa ya kikosi cha Waingereza ilikuwa imetoka Karonga kwenda Songwe kuwatafuta Wajerumani. Majeshi mawili yakapishana porini bila kuonana. Asubuhi ya tarehe 9 Septemba Waingereza wakasikia mizinga inanguruma nyuma yao, kule walikotoka, wakageuka. Wajerumani walishindwa siku hiyo, na Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka Songwe na kuichukua Tukuyu kabla mwezi haujaisha. Lakini ule usiku wa kupishana unanifundisha kwamba waya unakueleza yaliyo mbali sana. Yaliyo nyuma ya kichaka kile pale haukuelezi.

Mwisho wa vita ulikuwa kama mwanzo wake. Makubaliano ya kusimamisha mapigano yalitiwa saini Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck, ambaye majuma machache kabla alikuwa amepita na jeshi lake kaskazini mwa ziwa letu akielekea Zambia ya leo, hakujua. Tarehe 13 Novemba watu wake walimkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa kwenye pikipiki, na katika karatasi zake ndimo walimokuta habari kwamba vita vimekwisha. Aliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba. Wapagazi waliofia safari za majeshi yote mawili walikuwa makumi ya maelfu. Kwa mpagazi aliyeanguka na mzigo tarehe 12 Novemba, amani ilikuwa tayari imetiwa saini, ila ilikuwa bado iko kwenye pikipiki.

Basi, tuache majenerali. Waya ule ule uliotumika kwa vita ulikuja kuwa wetu sote, na wengi wa umri wangu wanaukumbuka kwa jina la telegramu. Ulikwenda kaunta, ukapewa fomu, ukaandika, na karani akahesabu maneno kwa ncha ya kalamu. Ulilipia kila neno. Hapo ndipo Kiswahili kilipotuokoa. Mwingereza akitaka kusema "hatutakutumieni" anahitaji maneno matano. Sisi ni neno moja. Na kwa kanuni ya kimataifa neno moja liliruhusiwa kufika herufi 15. Zihesabu herufi za neno hilo, msikilizaji, utakuta ni 15 kamili. Sijui kama babu zetu walipounda lugha hii waliiona telegramu inakuja, lakini faida tuliipata.

Bei hiyo ya neno ilizaa lugha yake. "Fika salama" lilitosha. "Kapata mtoto kiume" lilitosha, na aliyezaa hakutajwa kwa kuwa kila mtu alijua nani alikuwa mjamzito. Kulikuwa na maneno mengine ambayo maana yake haikuwa ile iliyoandikwa. Neno "mgonjwa" lilikuwa na maana ya mgonjwa. Lakini "mgonjwa sana" lilikuwa na maana kwamba ameshafariki. Hakuna ofisi iliyopitisha kanuni hiyo, wala hakuna shule iliyoifundisha. Watu waliona si utu mtu kuanza safari ya siku mbili, peke yake, miongoni mwa wageni, akiwa na kifo kimeandikwa kwenye karatasi mfukoni. Wakampa neno moja la kujishikilia njiani. Naye akalipokea, akajifanya haelewi, wakati anaelewa.

Mwaka 1989 nilikuwa Dar es Salaam nilipoletewa telegramu ya maneno matano: "Baba mgonjwa sana njoo haraka." Nilipanda treni ya TAZARA hadi Mbeya. Usiku kucha nilikuwa nikihesabu maneno yale kama yule karani. "Baba," sawa. "Njoo," sawa. Kaka yangu alikuwa mtu wa kubana senti, na nilijiuliza kwa nini alilipia "haraka" wakati "njoo" ilitosha. Nikajipa moyo kwamba mtu aliyekwishafariki hahitaji haraka, kwa hiyo baba yuko hai. Hesabu hiyo ilinifikisha Makambako. Baada ya Makambako haikunitosha tena. Neno "sana" lilikuwa limekwisha nieleza yote tangu mlangoni kwangu, na niliposhuka kwenye basi Kyela mjini sikumwuliza mtu. Nilimkuta kaka njiani, naye hakusema neno. Baadaye sana, matanga yamekwisha, nilimwuliza kuhusu "haraka". Akanijibu kwamba lile neno hakulilipia. Karani alimwangalia usoni, akaliongeza mwenyewe.

Namkumbuka karani yule nisiyemfahamu kila ninapoona jinsi habari za misiba zinavyosafiri sasa. Miaka michache iliyopita binamu yangu alifariki hospitalini saa tatu usiku. Saa tatu na robo picha yake ilikuwa katika kundi la ukoo kwenye simu, na mishumaa pembeni. Binti yake aliyekuwa Mwanza aliiona picha akiwa ndani ya daladala. Mama yake mzazi binamu, mwenye miaka zaidi ya 80, aliambiwa na jirani aliyepita kutoa pole. Aliyeituma hakuwa na ubaya wowote, na alitumia maneno mengi sana, maneno ya bure, hayahesabiwi na mtu.

Lakini habari si mwendo wake tu. Habari ni namna ilivyopangwa, na mpakani kwetu mpangilio ni kitendawili. Chukua saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka daraja la Songwe saa nne asubuhi, ng'ambo ni saa tatu. Hiyo ni kwa hesabu yetu sisi tunaoanza kuhesabu alfajiri. Mwenzetu wa Malawi anayeanza kuhesabu usiku wa manane ataiandika tisa. Kwa hiyo tatu, nne, tisa na kumi zote zinaweza kuwa ni wakati ule ule, na bado mfanyabiashara wa mchele wa Kyela na mnunuzi wake wa Karonga hukutana. Wameshazoea kutaja jua lilipo. Siku hizi simu imeingilia kati kwa kutaka kusaidia. Ukilala karibu na mto, inanasa mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa nzima bila kukuamsha. Nawajua watu wa Kasumulu walioachwa na basi la alfajiri kwa kuamini kengele ya simu. Jogoo hajawahi kunasa mnara wa Malawi.

Au chukua ramani. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Ndio mkataba ule ule ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland, kisichozidi kilomita mbili za mraba. Mkataba ulisema mpaka utafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi mdomo wa Songwe. Kwa maneno hayo mtoto wa Matema akitia mguu majini kunawa ameshatoka katika nchi yake. Ramani nyingine za Waingereza wenyewe, za miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, zilionyesha mpaka katikati ya maji. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliueleza wazi msimamo wa Tanzania kwamba mpaka uko katikati, na wenzetu wa Malawi wakashika ufuko. Mwaka 2012 mabishano yalipamba moto tena kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, wakaitwa marais wastaafu wa Afrika kusuluhisha, akiwemo Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mstari ni wino tu, lakini watoto wa Kyela na watoto wa Karonga, wanaoamkiana "ugonile" kwa lugha moja, wakifungua atlasi zao shuleni hawaoni ziwa moja. Hata jina hawakubaliani. Ninyi mnajua kwamba "nyasa" katika lugha za huku ni "ziwa" tu, kwa hiyo tulio na msimamo wa Ziwa Nyasa tunasema Ziwa Ziwa. Na Songwe wenyewe, uliopewa kazi ya kuwa mpaka, ukifurika hubadili njia, ukawaacha watu na mashamba yao upande ambao hawakuulizwa.

Yote hayo mtu anaweza kuishi nayo. Lipo moja ambalo watu wanakufa nalo, nalo ni upepo.

Kuanzia Mei hadi Agosti hutoka kusini upepo ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera. Una ziwa zima la kukimbilia kabla haujatufikia sisi wa kaskazini, na milima ya Livingstone inasimama kama ukuta kandoni. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya, ambayo bado ilikuwa mpya, ilizama katika ziwa hili kwa dhoruba, wakafa watu zaidi ya 140. Kama meli ya chuma ilipinduka, mtumbwi wa mti mmoja utasema nini?

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, na kunapokuwa na hatari hutoa taarifa zenye rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Nguvu ya upepo hutajwa kwa kilomita kwa saa, urefu wa mawimbi kwa mita, na huelezwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Ni kazi ya kitaalamu na naiheshimu. Berndt angetoa mshahara wa mwaka mzima kupata robo yake. Mwaka jana niliketi Matema na mvuvi mmoja mtu mzima, pembeni mwa nyavu zake, nikamwonyesha taarifa ya namna hiyo kwenye simu yangu. Aliitazama kwa adabu.

"Hii inasema uwezekano ni wastani," akasema. "Na athari ni wastani. Sasa mwanangu, wastani maana yake niende au nisiende?"

Nikamweleza nilivyoweza. Akasikiliza, kisha akaniuliza swali la pili: taarifa imetolewa lini? Nikatazama. Ilikuwa ya jana. Alikuwa ametoka ziwani asubuhi ile ile. Simu yake aliiacha nyumbani kwa mke wake, kwa sababu majini huloa, na kwa sababu pale anapotega nyavu mnara haufiki. Kwa hiyo taarifa ilifika Matema salama, ikakaa juu ya meza ndani ya nyumba, na yeye alikuwa majini.

Nikamwuliza anatumia nini basi. Akanyoosha mkono kuelekea kusini, akanionyesha rangi ya maji mbali kule, akaeleza jinsi yanavyogeuka meusi kwa mstari kabla upepo haujafika, na jinsi mawingu yanavyokaa juu ya milima upande wa Ikombe. Zamani, alisema, hata honi ya meli ilikuwa habari. Meli za Songea na Iringa zilipokawia kutokea kwa siku yao, watu wa mwambaoni walijua huko kusini ziwa limechafuka, wakavuta mitumbwi juu. Hakuna aliyeipanga honi iwe utabiri, lakini ilisikika na aliyejua kusoma na asiyejua, aliye nyumbani na aliye majini.

Mimi nikatoa wazo langu. Kwa nini taarifa ikifika kwa uongozi wa mwalo, wasipandishe kitambaa chekundu kwenye mlingoti mrefu ufukweni, kinachoonekana na aliye ndani ya ziwa? Hakihitaji chaji, hakihitaji mnara, wala hakina wastani.

Alilipima wazo hilo kwa muda, mikono ikiendelea na nyavu.

"Kitambaa tutakiona," akasema. "Shida si kukipandisha. Upepo ukipita, nani atapewa kazi ya kukishusha? Kikisahaulika juu wiki nzima na ziwa limetulia, wiki inayofuata hakuna atakayekitazama."

Nilikubali kwamba mtu huyo ni lazima alipwe. Akauliza atalipwa na nani, na hapo tukahamia kwenye bei ya mbasa, ambayo siku ile ilikuwa juu. Nimeliandika swali lake jinsi alivyoliuliza, kwa kuwa najua baadhi ya wanaonisikiliza na kunisoma wanakaa kwenye ofisi zinazoweza kulijibu. Kwa leo naishia hapa.